Simu Moja, Nyumba Nzima

Laini ya simu Tanzania ina jina moja tu. Usajili kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 20, 2020, na tangu hapo kila namba imefungwa kwenye namba ya NIDA ya mtu mmoja. Huyo ndiye anayetambuliwa na kampuni ya simu, na benki, na polisi likitokea la kutokea. Lakini ingia uwanjani kwenye nyumba ya Ruponda, wilayani Nachingwea, saa moja jioni uone simu hiyo hiyo inavyozunguka. Mjukuu anamwangalizia bibi salio. Shemeji anaomba apige Ruangwa mara moja tu, dakika hazifiki mbili. Jirani kaja kuuliza kama hela yake imeingia, maana kijana wake wa Dar es Salaam hana namba nyingine ya kumtumia. Kitochi kimoja, jina moja, watu saba.

Ushauri unaotoka mjini, kwamba simu ni mali binafsi na usimpe mtu, huku Nachingwea na Ruangwa haukusaidii kitu. Utampa. Ukimnyima jirani simu siku mtoto wake anaumwa, kesho utaishi naye vipi? Swali la maana ni jinsi ya kuitumia simu ya wengi bila kuibiwa, bila kuvujisha siri za watu, na bila ndugu kugombana. Mwongozo huu unahusu hilo tu.

Anza na jina

Piga *106# ukiwa na laini yako. Utaona imesajiliwa kwa jina la nani, na unaweza pia kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Rudia kwa kila mtandao unaotumia. Ukikuta namba usiyoijua, usicheke ukapita. Mtu akifanya utapeli kwa namba hiyo, anayetafutwa kwanza ni wewe. Nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, waifute.

Shida kubwa zaidi ni ile ya upande wa pili: laini unayoiita yako kumbe ni ya mwingine. Wakati wa usajili wa 2019 wengi hawakuwa na namba ya NIDA, hivyo mtoto au mpwa akaweka kidole ili bibi asikatiwe simu. Lilikuwa tendo jema. Ila bibi akipoteza simu leo, hawezi kurudishiwa laini mpaka kidole kile kile kipatikane, na mwenye kidole huenda yuko Mwanza, au wamekorofishana, au ametangulia mbele ya haki. Akifariki, hela iliyomo kwenye simu inahesabiwa kuwa yake, na bibi ataambiwa akafuate taratibu za mirathi ili apate hela za korosho zake mwenyewe.

Kwa hiyo mzee ambaye hana namba ya NIDA aanze nayo kwenye ofisi ya wilaya. Akishaipata, yeye na aliyemsajilia waende pamoja dukani, umiliki wa laini uhamishwe. Safari ni moja, nauli ni ya watu wawili, na watu huahirisha mwaka hadi mwaka kwa sababu hakuna kilichoharibika bado. Fanyeni siku ambayo mpwa kaja nyumbani kwa sherehe au msiba, kabla hajapanda basi la kurudi.

Jambo jingine dogo: laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba hiyo baadaye hupewa mtu mwingine kabisa. Kama ndiyo namba uliyoandikisha AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa wakulima) au benki, ujumbe wa malipo yako utakuwa unasomwa na mgeni. Ukibadili namba, kazi haijaisha mpaka karani wa AMCOS na benki waandike mpya mbele yako.

Namba ya siri ni ya mwenye laini, hata kama hajui kusoma

Hapa ndipo nyumba nyingi zimekosea, na zimekosea kwa upendo. Bibi haoni vizuri, kwa hiyo mjukuu anajua namba ya siri. Mjukuu yuko shuleni, kwa hiyo wakala naye kaambiwa. Siku wakala hayupo, kijana anayemkalia dukani naye kaambiwa. Baada ya hapo hela zikipungua hakuna wa kuulizwa, na anayesingiziwa siku zote ni mjukuu.

Simu za vitufe zina alama ndogo iliyoinuka kwenye kitufe cha 5. Mshike bibi kidole, mwonyeshe alama hiyo, kisha mfundishe kuhesabu kutoka hapo: juu yake 2, chini yake 8, kushoto 4, kulia 6. Mwache achague mwendo wake mwenyewe wa vidole, aurudie jioni kadhaa simu ikiwa imezimwa mpaka mkono uzoee. Wazee wanaokumbuka viwanja vyote vya ukoo na nani alilima wapi hawashindwi na tarakimu nne. Mjukuu amfikishe mpaka pale simu inapoomba namba ya siri, kisha amkabidhi na ageuze uso. Isiwe mwaka wa kuzaliwa, maana mwaka huo uko kwenye kitambulisho, na kitambulisho hukaa mfuko mmoja na simu.

Kwa wakala, shika hili: anayekuwekea hela hahitaji kushika simu yako. Anahitaji namba yako. Na unapotoa, ni wewe unayeingia kwenye menyu, iwe *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money au nyingine, unaandika namba ya wakala, kiasi, kisha namba ya siri. Wakala anasubiri upande wake. Akinyoosha mkono akisema "lete nikusaidie", msomee kinachoonekana kwenye kioo akuelekeze kwa mdomo. Mawakala wengi wa vijijini ni waungwana na wanasaidia kweli foleni iende, lakini uungwana wa mtu mmoja si ulinzi wa laini yako siku akimwachia duka mwingine.

Usiondoke dirishani kabla ya kuangalia salio. Na salio liangaliwe kwenye menyu, si kwenye meseji. Meseji ya uongo inayosema umepokea laki mbili inaweza kuandikwa na yeyote mwenye simu, halafu inafuata simu ya kilio: mama, nimekosea namba, nirudishie tafadhali, nina mgonjwa. Kama menyu haionyeshi hela hiyo, hela hiyo haipo.

Msimu wa hela

Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kushuka maghalani na mnada wa kwanza kutangazwa, simu za Kusini zinabadilika tabia. Zinaita zaidi. Watu mliopotezana tangu ufuta wa Juni wanakukumbuka. Matapeli nao wanaijua kalenda.

Tuanze na bei. Siku ya mnada wa chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, bei huwa imefika kwenye magrupu ya WhatsApp kabla wakulima hawajatoka kwenye kiwanja cha mnada. Siku hizi mauzo yenyewe hufanyika kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, wanunuzi wakishindana kwa njia ya mtandao, kwa hiyo namba zinaruka haraka zaidi. Ni maendeleo, sina ubishi. Ila meseji inayosambaa huwa na bei moja, ile ya juu kabisa. Uliza mambo matatu kabla hujaanza kuipangia mabati: bei ya juu na ya chini zilikuwa ngapi, bei hiyo ni ya ghala gani, na makato ni kiasi gani. Kinachoingia kwenye akaunti yako ni bei ya mzigo wa ghala lako ukishatoa ushuru, usafirishaji na sehemu ya vyama. Ugomvi mwingi kati ya mume na mke kila Novemba unaanzia kwenye tofauti ya bei ya WhatsApp na bei ya benki, mmoja akiamini mwenzake kaficha.

Kangomba, wale wanaonunua korosho nje ya mnada, nao wamehamia kwenye simu. Zamani mtu alikuja na bakuli lake usiku, sasa anapiga mapema, Agosti au Septemba, anakutumia elfu hamsini ya ada ya shule papo hapo, na deni linalipwa kwa korosho ambazo bado ziko juu ya mti. Hela ya simu haina uzito mkononi, na ndiyo maana inakopeka kirahisi. Ukilazimika, angalau piga hesabu ya kilo unazozitoa kwa bei ya mnada wa mwaka uliopita, uiandike kwenye daftari mbele ya mwenzi wako kabla ya kujibu ndiyo.

Utapeli wa msimu una sura nyingi lakini mwili ni mmoja. Kuna "ile hela tuma kwenye namba hii", inayotumwa kwa maelfu ya watu ikitarajia kumkuta mmoja aliyekuwa kweli anadaiwa. Kuna anayejiita mtu wa benki au wa chama, anasema malipo yako yamekwama na anahitaji namba ya siri ayafungue. Kuna mwanao aliyepata ajali, na anayeongea ni "daktari". Yote yanataka ufanye jambo moja: utume au utaje namba sasa hivi, bila kukata simu. Basi kata. Mpigie mhusika kwa namba uliyonayo wewe, si iliyokupigia. Kabla ya kuthibitisha muamala wowote, soma jina la mpokeaji linalotokea kwenye kioo. Kama anayetumiwa ni mwanao na jina ni la mtu mwingine, acha.

Katika simu ya watu saba kinga hiyo haitoshi, kwa sababu anayepokea anaweza kuwa mtoto au mgeni asiyejua nani ni nani. Wekeni neno la nyumba. Jina la utani la babu, jina la mbwa aliyekufa, chochote ambacho hakiko Facebook. Mtu yeyote anayeomba hela kwa dharura, hata kama sauti ni ya mwanenu kabisa, aulizwe neno. Asiyelijua hapewi. Meseji ya kitapeli itume kwenda namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano pamoja na namba iliyokutumia, kisha ndipo uifute. Na kama hela imeshatoka, usipoteze muda kubishana na tapeli. Piga 100 ya mtandao wako mara moja. Hela iliyobaki kwenye simu ya mpokeaji inaweza kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda.

Habari ya msiba

Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na saa zake za kusoma matangazo ya vifo: jina la marehemu, kisha orodha ya ndugu na walipo, habari ziwafikie fulani wa Nachingwea, na fulani wa Tunduru. Jirani mwenye redio akisikia, alikuja kwako na mwenzake, wakakaa, wakaomba maji, ndipo wakasema. Njia nyingine zilikuwa barua na basi. Treni haikuwepo: reli ya mradi wa karanga, iliyoletwa na Waingereza kutoka Mtwara hadi Nachingwea, haikuvuka miaka ya 1960. Habari ilichelewa, lakini ilifika ikiwa imeshikwa na mtu.

Leo mpwa anapiga picha wodini, anaiweka status na alama ya machozi, na mama wa marehemu aliyeko kijijini anaijua habari kwa kuona wajukuu wamenyamaza ghafla. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeona ndugu wakisusiana kwalo miaka. Watu husamehe deni la magunia kumi. Kuambiwa kifo cha mwanao na status ni vigumu kusamehe.

Mtu akifariki, chagueni mtoa habari mmoja, palepale, kabla yeyote hajagusa simu yake. Wengine wote wanyamaze mtandaoni mpaka aseme tayari. Simu za kwanza ziende kwa wazazi, mume au mke, na mjomba. Kwa koo za huku zinazohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba akisikia mwishoni hilo linakuwa neno la kuzungumzwa kwenye kikao, na kikao hicho kitakuwa kirefu.

Usitume meseji. Sababu si adabu peke yake: hujui nani atakayeisoma. Kwenye nyumba ya simu moja, meseji za bibi husomwa na mtoto wa darasa la tano. Utakuwa umemtwika mtoto wa miaka kumi na moja kazi ya kumwambia bibi yake kwamba mwanawe amekufa. Piga. Akipokea mtoto, msalimie kama kawaida, muulize shule, kisha, "Mwite mjomba wako aje karibu na simu." Asipokuwepo mtu mzima, sema utapiga tena, upige kwa jirani. Jirani aende, akae naye, ndipo upige mara ya pili au yeye aseme kwa mdomo wake. Ndiyo, inachukua nusu saa zaidi.

Michango ipokelewe kwa laini moja yenye jina linalofahamika, na jina hilo litajwe kwenye tangazo ili anayetuma alinganishe na linalotokea kwenye kioo. Mtu mwingine, asiye mwenye laini, aandike daftari. Siku ya kuanua matanga lisomwe lote, aliyetuma elfu mbili na aliyetuma laki.

Unapoazima na unapoazimwa

Anayeomba kupigia simu yako ana haki ya kutosikilizwa. Mpe, sogea hatua kumi. Akimaliza, ni heshima yake mwenyewe kufuta namba aliyopiga, na ni heshima yako kutoipiga tena ukiikuta. Dakika zikiisha asilaumiwe mtu. Aliyeomba anunue vocha ya kiasi alichotumia siku akipata, na kama hapati, basi ndiyo ujirani.

Ukipokea hela ya jirani kwenye laini yako, mweleze siku hiyo hiyo, na umweleze peke yake. Usimwite kwa sauti kutoka barabarani kwamba laki yake imeingia. Makato ya kutoa yanaleta maneno madogo madogo yasiyoisha, kwa hiyo mwambie mapema amwagize kijana wake atume na ya kutolea. Asipotuma, toa, mwonyeshe ujumbe wa muamala, mpe kilichobaki mbele ya wakala. Meseji za watu wengine msomee mwenyewe tu, hata kama ni za salamu. Mwenye simu ya mtaa anajua nani anadaiwa, nani kapata kazi na nani kaachika. Akizoea kusimulia, watu wataanza kutembea hadi kijiji cha pili kuazima simu.

Simu janja ya kuazimana ina hatari yake. Kijana akipakua programu ya mkopo kwenye simu ya mama, programu hiyo inaweza kusoma orodha nzima ya majina, na siku deni likichelewa, mchungaji, shehe, mwalimu mkuu na mkwe wote wanapokea meseji kwamba mama huyo ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni, na mpya huchipuka. Kanuni ya nyumba iwe moja: hakuna anayepakua kitu kwenye simu isiyosajiliwa kwa jina lake bila mwenyewe kuwepo.

Simu ikipelekwa kuchajiwa kibandani na kulala huko, toa laini ubaki nayo. Ni jambo la sekunde chache na watu wengi hawalifanyi.

Na wekeni daftari. Namba za ndugu, za karani wa AMCOS, za zahanati, za dereva wa boda anayekubali kuamshwa saa nane usiku, ziandikwe kwa kalamu na zitundikwe ndani ya mlango. Pamoja nazo andika 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, mahali mtoto anapoifikia. Mtandao hukatika hata kwa wenye minara mizuri. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima, na kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Waliokuwa wanawapata ndugu zao kwa WhatsApp pekee, bila kujua hata namba kamili, walihangaika. Simu ikiisha chaji siku ya mvua, sola haijapata jua na umeme umekatika, daftari ndilo litakalokuwezesha kupiga kwa simu ya jirani.

Haya yote hayawezi kupangwa na mtu mmoja akiwa na simu mkononi. Yanahitaji kikao: mwenye laini, mjukuu anayesoma meseji, mtoto aliye mbali anayetuma hela, na jirani anayeazima mara kwa mara, kama mnaelewana kiasi hicho. Mkubaliane nani anajua nini, neno la nyumba ni lipi, na nani atakuwa mtoa habari. Kifanyeni Septemba, kabla maghala hayajafunguliwa. Oktoba kila mtu atakuwa na haraka na simu itakuwa haishikiki.